Damu Isiyozalishwa: Maswali Yenu Kuhusu Anemia ya Diamond-Blackfan

Barua kadhaa zilizotufikia zinahusu watoto wanaoongezewa damu tena na tena ilhali hawana malaria wala selimundu. Tumechagua zinazogusa ugonjwa mmoja adimu, na moja inayoukaribia. Dozi na vipimo vilivyotajwa ni vya kumsaidia msomaji afuatane na daktari wake. Mtoto hatibiwi kwa gazeti.

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miezi 5. Alizaliwa na kilo 2.8, hana shida. Alipofika miezi 2 nikaona viganja vimepauka, ananyonya kidogo anaacha, paji la uso linatoka jasho. Hospitalini walimkuta na damu 3.9, akaongezewa. Wiki 5 baadaye ikashuka hadi 4.6, akaongezewa tena. Malaria hakuna, selimundu hakuna. Nimeshampa chupa 4 za dawa ya maji ya kuongeza damu. Sasa hospitali ya rufaa wanasema ni "Diamond". Ndiyo nini? *Mama wa watoto wawili, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mama. Diamond hapa si almasi wala msanii wa Bongo Fleva. Ni Louis Diamond, daktari wa watoto wa Boston, ambaye mwaka 1938 aliuandika ugonjwa huu pamoja na mwenzake Kenneth Blackfan. Hugh Josephs wa Baltimore alikuwa ameshauandika mwaka 1936, ila jina likawaangukia waliofuata. Hospitalini utasikia wakiuita DBA. Ni wa nadra: katika kila watoto milioni 1 wanaozaliwa, wanaoupata ni kama 5 hadi 7.

Damu hutengenezwa kwenye uloto, ule uteute ulio ndani ya mifupa. Humo hutoka chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe za kinga, na chembe sahani za kugandisha damu. Kwa mwanao aina mbili kati ya hizo zinatengenezwa, moja imesimama. Ndiyo maana hatoki madoa ya damu kwenye ngozi, wala hashambuliwi na maambukizi ya ajabu. Anapungukiwa chembe nyekundu tu.

Kwa nini nyekundu peke yake? Kila seli ya mwili ina vimashine vinavyoitwa ribosomu, vinavyounda protini. Kimashine kimoja kina vipuri vya protini vipatavyo 80, na kila kipuri kina jeni yake. Mtoto mwenye DBA, mara nyingi, ana jeni moja ya kipuri iliyoharibika upande mmoja, kwa hiyo vimashine vinaundwa vichache. Seli nyingine huvumilia uchache huo. Chembe nyekundu changa haiwezi, kwa sababu ndani ya siku chache inatakiwa ijaze tumbo lake hemoglobini. Hemoglobini ina sehemu mbili: hemu, yenye madini ya chuma, na globini, ambayo ni protini. Hemu inatengenezwa kwa wakati, globini inachelewa. Fikiria fundi ambaye zege limeshakorogwa na matofali hayajafika. Zege linamgandia mkononi. Hemu isiyo na globini ni sumu kwa chembe yenyewe, nayo hufa kabla haijakomaa.

Sasa utaona kwa nini zile chupa 4 hazikusaidia. Chuma hakikupungua, kimekosa pa kwenda. Na kwa kuwa kila damu anayoongezewa inakuja na chuma chake, tunakuomba uache dawa hiyo leo, isipokuwa daktari wake awe amepima feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini) na kukuta iko chini. Hili tunalisisitiza kwa sababu dawa hizo huandikwa kwa mazoea tu: mtoto kapauka, apewe chuma.

Kuzaliwa akiwa mzima nako kuna maelezo. Chembe nyekundu za mtoto mchanga huishi wiki kadhaa baada ya kuzaliwa. Akiba hiyo inapokwisha na mpya haziji, ndipo viganja vinapopauka. Wengi hugundulika kati ya mwezi wa 2 na wa 3, na karibu wote kabla ya kutimiza mwaka.

Mwangalie pia vidole gumba. Kidole gumba cha kawaida kina vifupa viwili. Baadhi ya watoto hawa wana vitatu, kikawa kirefu kama kidole cha shahada, au kimekuwa chembamba na kinaning'inia. Nusu hivi ya watoto wana kasoro fulani ya kuzaliwa: gumba, mdomo au kaakaa lililopasuka, tundu kwenye moyo, figo moja au zilizoungana, kimo kifupi. Kama hajapigwa picha ya sauti ya moyo na ya figo, iombe.

SWALI: Mimi ni mtaalamu wa maabara, hospitali ya wilaya. Tunapokea watoto wengi wenye damu ya 4 na 5. Huyu mmoja wa DBA nitamtofautishaje na wale mia wa malaria? Na nichukue nini kabla hajaongezewa damu? *Msomaji, Kigoma*

JIBU: Swali lako ndilo tulilolisubiri. Ugonjwa huu hukosewa katika saa moja ya kwanza, pale damu inapotundikwa kabla ya kuchukua sampuli. Mtoto akishapewa damu ya mtu mwingine, kwa miezi 3 hivi utakuwa unapima chembe za mchangiaji.

Namba ya kwanza ni retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa zilizotoka kwenye uloto siku moja au mbili zilizopita. Mtoto mwenye hemoglobini ya 4 anayepoteza au anayevunja damu, uloto wake hupiga kelele: retikulosaiti hupanda, asilimia 5, 10, hata zaidi. Wa DBA utamkuta na asilimia 0.1 au 0.3. Kama mashine yako haihesabu, rangi ya methilini bluu mpya na slaidi vinatosha: changanya matone sawa ya damu na rangi, acha dakika 15, paka, kisha hesabu zenye nyuzi za bluu katika chembe 1,000.

Hapa kuna mtego. Malaria kali nayo huubana uloto, kwa hiyo siku ya kwanza retikulosaiti zinaweza kuwa chini kwa mtoto wa malaria pia. Tofauti huonekana baadaye. Wiki 1 hadi 2 baada ya kumaliza mseto, wa malaria zitakuwa zimepanda. Zikibaki sifuri, pandisha rufaa.

Namba ya pili ni ukubwa wa chembe, ile MCV kwenye karatasi ya FBP (kipimo cha jumla cha chembe za damu). Upungufu wa chuma huzifanya ndogo, DBA huzifanya kubwa. Lakini usisome kwa kipimo cha mtu mzima. Mtoto mchanga huzaliwa na chembe kubwa, wastani 108 hivi, zikipungua hadi karibu 91 kwenye miezi 3 hadi 6, na 78 baada ya hapo. Kwa hiyo 102 kwa mtoto wa siku 5 si kitu. Kwa mtoto wa miezi 6 ni kengele. Pwani ambako thalasemia ya alfa (hali ya kurithi inayopunguza globini na kuzifanya chembe ndogo) ni ya kawaida, mtoto anaweza kuwa na DBA na chembe zikaonekana za saizi ya kati, kwani kimoja kinapandisha na kingine kinashusha. MCV ya kawaida isikufanye ulifunge faili.

Namba ya tatu: chembe nyeupe na chembe sahani zinapaswa kuwa sawa au karibu na sawa. Zikiwa zote chini, unatafuta kitu kingine.

Kabla ya chupa ya damu, chukua chupa 2 za kifuniko cha zambarau, mililita 1 hadi 2 kila moja. Ya kwanza ni ya FBP, retikulosaiti, slaidi ya damu, malaria, na kipimo cha aina za hemoglobini kitakachojibu selimundu pamoja na kiasi cha hemoglobini ya kichanga, ambayo kwa DBA mara nyingi huwa juu kuliko umri. Ya pili iandike jina na tarehe, iweke kwenye friji (si kwenye barafu), iende na mtoto kwenye rufaa. Hiyo inaweza kutumika kwa kipimo cha jeni, na kwa kimeng'enya cha adenosini diaminasi ndani ya chembe nyekundu, ambacho kwa wagonjwa wengi wa DBA kiko juu. Maabara zinazokipima ni chache, lakini sampuli ya kabla ya damu haipatikani mara ya pili.

Mtoto akiwa taabani, anahema kwa shida na damu iko chini ya 4, usimcheleweshe kwa ajili ya haya yote. Kuchukua mililita 3 ni dakika moja, na ifanyike wakati wa kuweka njia ya mshipa.

Wanaofanana na DBA ni wengi. Mtoto wa selimundu akipata kirusi cha parvo B19, retikulosaiti huanguka hadi sifuri na hemoglobini hushuka kwa siku chache. Hukaa hivyo siku 7 hadi 10 kisha uloto unaamka. Mara nyingi kaka au dada yake mwenye selimundu hufuata ndani ya siku au wiki chache. Yupo pia mtoto aliyepita mwaka 1, mzima kabisa, ambaye uloto wake wa chembe nyekundu husinzia mwezi mmoja au miwili na kurudi wenyewe. Huyo MCV yake ni ya kawaida, na akishaongezewa damu mara moja mara nyingi hahitaji tena. Upungufu wa vitamini B12 au foleti nao hukuza chembe, ila uloto unakuwa umejaa, hauko mtupu.

Neno la mwisho husemwa na uloto wenyewe, unaovutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma. Kwenye DBA utaona kila kitu kipo isipokuwa wazazi wa chembe nyekundu, ambao huwa chini ya asilimia 5.

SWALI: Asalaam aleikum. Binti yangu ana mwaka 1 na miezi 4, kilo 10. Ameanzishiwa predinisoloni vidonge 4 kila asubuhi. Damu imepanda hadi 10.2 bila kuongezewa, alhamdulillahi, lakini uso umevimba kama chapati na analia njaa usiku kucha. Bi mkubwa wangu anasema dawa hii inamharibu mtoto, tuache. Na kwa nini walitusubirisha hadi atimize mwaka? *Baba, Mombasa*

JIBU: Waaleikum salaam. Mwambie bi mkubwa, kwa heshima zote, kwamba kuacha ghafla ndiko kutakakomharibu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya kuukabili ugonjwa na mshtuko. Mtoto akipewa steroidi, yaani dawa za kundi la predinisoloni, kwa wiki kadhaa, tezi hiyo hulala. Ukikata vidonge siku moja, anabaki bila ya nje wala ya ndani: hutapika, hulegea, sukari na presha vinashuka, na anaweza kufa kwa kitu ambacho kingeonekana kama homa ya kawaida.

Vidonge 4 vya miligramu 5 ni miligramu 20, yaani miligramu 2 kwa kila kilo. Hiyo ndiyo dozi ya kuanzia inayotumika kwa kawaida. Watoto 8 katika 10 huitikia mwanzoni. Retikulosaiti huanza kupanda ndani ya wiki 2 hivi, kisha hemoglobini. Asiyeitikia ndani ya wiki 4 hapaswi kuendelezwa kwa matumaini. Binti yako ameitikia, kwa hiyo kazi sasa ni kushuka.

Na kushuka kuna utaratibu. Daktari hupunguza kidogo kidogo kwa wiki 8 hadi 12, huku akipima hemoglobini na retikulosaiti, mpaka afike dozi ndogo kabisa inayoshikilia damu. Dari ya kukaa nayo muda mrefu ni miligramu 0.5 kwa kilo kwa siku, na wataalamu wengi sasa wanataka 0.3. Kwa kilo 10, hiyo ni kati ya miligramu 3 na 5. Wengine hupewa dozi maradufu siku moja, siku ya pili wanapumzika. Uso utapungua dozi ikishuka. Ikiwa damu haikai bila ya dozi kubwa kuliko hapo, heri kurudi kwenye kuongezewa damu kuliko kumkuza mtoto mfupi, mwenye mifupa laini na mtoto wa jicho. Tunalisema wazi kwa sababu wazazi huona kurudi kwenye damu kama kushindwa. Dozi kubwa ya miaka mingi ndiyo hasara.

Walimsubirisha kwa sababu mbili. Mwaka wa kwanza ndio mtoto hukua kwa kasi kuliko wakati wowote, na steroidi hukaba ukuaji wa mifupa, wa misuli na hata wa ubongo. Pili ni chanjo. Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya surua na rubela, hazitolewi kwa mtoto aliye kwenye dozi kubwa. Husubiri angalau mwezi 1 baada ya dozi hiyo kukoma. Sindano ya miezi 9 ameshaipata. Ya miezi 18 inakaribia, basi ipeleke kadi ya kliniki kwa daktari wake wa damu kabla muuguzi hajaishika sindano.

Mpe dozi asubuhi baada ya uji, yote kwa mkupuo. Jioni humnyima usingizi. Punguza chumvi na vinywaji vya sukari, kwani ile njaa ni ya dawa na haitashibishwa na soda. Apimwe presha na sukari kila kliniki, kimo kila miezi 3, macho kila mwaka. Kama hakupimwa kifua kikuu kabla ya kuanza, au hakupewa dawa za minyoo, sema. Kuna mnyoo wa udongoni, strongiloidi, ambao steroidi humfungulia njia ya mwili mzima, na huku kwetu yupo. Akikutana na mtoto mwenye tetekuwanga au surua, nenda hospitali siku hiyohiyo bila kungoja upele.

Omba pia karatasi iliyoandikwa dozi ya dharura: akiwa na homa kali, akitapika vidonge, au akifanyiwa upasuaji, steroidi huongezwa, haipunguzwi. Karatasi hiyo ikae ndani ya kadi.

SWALI: Mtoto wetu ana miaka 4, kilo 14. Steroidi haikufanya kazi. Anaongezewa damu kila wiki 4. Juzi feritini imekuja 2,400. Daktari amesema aanze dawa ya kutoa chuma, lakini ni ghali na mtoto anacheza vizuri tu. Tunaweza kusubiri? *Wazazi, Nairobi*

JIBU: Hapana, na hesabu yenyewe iwashawishi. Mtoto wa kilo 14 akipewa mililita 15 kwa kila kilo, hiyo ni mililita 210 za chembe nyekundu. Kila mililita ya chembe zilizotengwa na maji ya damu hubeba kama miligramu 0.7 ya chuma, hivyo kila safari ya wodini anaingiza karibu miligramu 150. Kwa mwaka, safari 13, zinakaribia miligramu 2,000. Mwili wa binadamu hauna mlango wa kutolea chuma. Hata mtu mzima hupoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku kupitia ngozi na utumbo. Kilichobaki hulala kwenye ini, kisha tezi za homoni, kisha moyo. Na kwa DBA ni haraka zaidi, kwa sababu uloto uliolala hauchukui chuma cha kutengenezea damu, kwa hiyo kingi huzurura huru kwenye maji ya damu.

Anacheza vizuri kwa kuwa moyo hulalamika mwishoni. Kwa kawaida dawa huanza baada ya kuongezewa damu mara 10 hadi 15, au feritini ikipita 1,000, mtoto akiwa amefika miaka 2. Mmeshachelewa kidogo.

Ya vidonge ni deferasiroksi, mara 1 kwa siku. Iko ya aina mbili na dozi zake hazilingani: ya kuyeyusha kwenye maji huanzia miligramu 20 kwa kilo, ya kumeza yenye ganda huanzia 14. Duka la dawa likiwabadilishia aina, msitumie namba ileile. Kosa hili ni rahisi kulifanya na figo ndizo hulipa. Kreatinini (kipimo cha figo) na vipimo vya ini vipimwe kabla ya kuanza, kila wiki kwa mwezi wa kwanza, halafu kila mwezi. Siku anayoharisha, anayotapika au anayokuwa na homa na hanywi maji, simamisheni dawa mpaka aonwe. Ya sindano ni deferoksamini, inayoingizwa polepole chini ya ngozi kwa pampu ndogo saa 8 hadi 12, usiku 5 hadi 7 kwa wiki. Inachosha, ila ni dawa ya siku nyingi na inafahamika. Nayo hudai macho na masikio yapimwe kila mwaka. Dawa ya tatu, deferiproni, hatuipendekezi kuwa chaguo la kwanza kwa DBA: inaweza kuziangusha chembe nyeupe ghafla, na uloto huu una udhaifu wa kutosha.

Feritini hupanda pia mtoto akiwa na homa tu, kwa hiyo soma mwelekeo wa miezi, si namba moja. Palipo na mashine ya MRI yenye programu ya kupima chuma kwenye ini na moyo, kipimo hicho mara 1 kwa mwaka kina thamani kuliko feritini kumi.

Kuhusu damu yenyewe: lengo ni hemoglobini isishuke chini ya 8 au 9 kabla ya chupa inayofuata. Chini ya hapo mtoto hakui. Ombeni damu iliyochujwa chembe nyeupe, na kundi lilinganishwe hadi Rh zote na Kell (alama nyingine za chembe nyekundu zaidi ya A, B na O) panapowezekana, kwa sababu mtoto huyu atapokea damu za watu wengi na mwili wake unaweza kutengeneza kinga dhidi ya damu hizo.

SWALI: Juisi ya rozela, maini, matembele na bitiruti vinasaidia? *Bibi wa mjukuu, Tanga*

JIBU: Shikamoo bibi. Rangi nyekundu ya rozela na bitiruti haigeuki damu. Ni vinywaji vizuri, mjukuu anywe kwa starehe. Mboga za majani endelea. Maini ndiyo punguza, kwani yamejaa chuma, kitu ambacho anacho cha ziada. Mizizi na unga wa mitishamba usimpe akiwa kwenye dawa ya kutoa chuma, maana figo haziwezi kubeba vyote.

SWALI: Mama mkwe wangu anasema damu mbovu imetoka upande wetu. Mume wangu kanyamaza. Tunataka mtoto mwingine. Ukweli ni upi? *Dada, Dodoma*

JIBU: Pole, dada. Kwa zaidi ya nusu ya watoto, badiliko la jeni limeanza kwa mtoto mwenyewe. Halimo kwa mama wala baba. Kwa waliobaki limetoka kwa mzazi mmoja, na linaweza kuwa la baba sawasawa na la mama. Jeni iliyo maarufu zaidi, RPS19, ambayo iligunduliwa mwaka 1999 na inahusika na robo ya wagonjwa, haichagui jinsia. Ipo jeni moja adimu, GATA1, inayopitia kwa mama na kuwafanya watoto wa kiume waugue, lakini hiyo ni ya wachache sana.

Mzazi anaweza kuibeba na asijue. Hana upungufu wa damu, ila FBP yake inaweza kuonyesha chembe kubwa kuliko kawaida. Ndiyo maana mnapaswa kupimwa nyote wawili, FBP kwanza, na jeni ikiwa ya mtoto imeshajulikana. Mmoja wenu akiwa nayo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 2. Mkiwa hamnayo, uwezekano ni mdogo, ingawa si sifuri, kwa sababu badiliko linaweza kujificha kwenye mayai au mbegu tu. Mtoto ajaye apimwe damu akizaliwa, na tena kila mwezi kwa miezi ya mwanzo. Mume akubali kwenda maabara. Karatasi mbili za FBP zitaongea na mama mkwe vizuri kuliko wewe.

SWALI: Niko Muscat, mdogo wangu yuko Tanzania na mtoto wa DBA wa miaka 6. Nimesikia kupandikiza uloto kunaponya. Kaka yake wa miaka 9 yuko tayari kutoa. *Mjomba*

JIBU: Kunaponya uloto, ndiyo, na matokeo ni bora mtoto akiwa chini ya miaka 10 na ini halijajaa chuma. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kwa 4 ya kulingana. Lakini mjomba, jambo la kwanza kwa huyo kaka ni kupimwa DBA yenyewe kabla hata ya kupimwa ulinganifu. Anaweza kuwa mzima wa nje na kuibeba jeni. Mkimhamishia mdogo wake uloto wake, mtakuwa mmempandikiza ugonjwa uleule. Iweni na matokeo ya jeni ya mgonjwa, kisha mmpime kaka kwa jeni hiyohiyo. Nyumbani, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Anzeni kwa kuuliza pale kabla ya kukata tiketi. Na msimsukume kwa haraka mtoto anayetulia kwa steroidi ndogo. Wagonjwa kama 1 kwa 5 hufikia wakati ambapo hawahitaji dawa wala damu, ingawa hali inaweza kurudi, hasa wakati wa ujauzito.

SWALI: Nina miaka 34, ninatumia ARV. Nimeambiwa uloto wangu umeacha kutengeneza chembe nyekundu. Ni DBA? *Msomaji, Kampala*

JIBU: Kwa umri wako tunatafuta visababishi vingine kwanza. Parvo B19 ni cha kwanza: kwa mtu mwenye kinga ndogo kirusi hakiondoki wiki 2, hukaa miezi na kuuzima uloto. Kinga ya mwili inaweza isionekane kwenye kipimo, kwa hiyo waombe kipimo cha chembechembe za urithi za kirusi, yaani PCR. Cha pili ni dawa: zidovudini hushusha damu na kukuza chembe, na kuibadilisha kunaweza kumaliza tatizo. Usiiache mwenyewe, ibadilishwe. Cha tatu, upigwe picha ya CT ya kifua kutafuta uvimbe wa tezi ya thaimasi nyuma ya mfupa wa kidari, kwani uvimbe huo hufuatana na hali hii. Nenda na majina ya dawa zote ulizotumia miezi 6 iliyopita, pamoja na zile ulizonunua bila cheti.